Nyuzi za Raketi Zinazohama: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezaji Mmoja

Mchezaji anayehusika katika kisa hiki ni mtu mzima aliyepita umri wa miaka arobaini, anayecheza tenisi mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na zaidi katika mechi za wawili wawili. Raketi yake ni moja tu, nayo ni ya kawaida: kichwa cha inchi 100 za mraba, nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Mipira yake huipiga kwa topspini ya kiasi, yaani kwa kuizungusha kuelekea mbele, na mipira ya nyavuni huipiga kwa kuikata. Hatumzungumzii bingwa wala mtu anayekata nyuzi kila siku mbili, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika uamuzi uliofikiwa baadaye.

Alikuja na ombi fupi: alitaka uzi wa bei nafuu usiohama. Raketi aliyoileta ilikuwa imefungwa nailoni laini ya aina ile inayotengenezwa kwa kusokota pamoja mamia ya nyuzinyuzi nyembamba, unene wa milimita 1.25, kwa mvutano wa kilo 24. Nyuzi nne za wima za katikati zilikuwa zimesogea pembeni kiasi cha kuacha mwanya ambao ncha ya kidole gumba iliweza kupita. Alieleza kwamba alilazimika kuzirudisha kwa vidole karibu baada ya kila pointi, na kwamba usumbufu huo ulianza wiki ya kwanza tu baada ya kufungwa, ilhali uzi wenyewe ulikuwa wa bei ya juu.

Kabla ya hapo kulikuwa na hatua nyingine ambayo hakuitaja mpaka alipoulizwa. Muuzaji mmoja wa vifaa vya michezo alikuwa amemshauri ahamie uzi wa poliesta mgumu wenye pembe sita, na fundi wa hapo akaufunga kwa kilo zile zile 24. Nyuzi zilikaa sawa kabisa, kama alivyoahidiwa. Hata hivyo, baada ya majuma machache maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, ambayo yalikuwa yamempata mwaka uliotangulia na kumtoka, yalirudi, naye akaamua kurejea kwenye nailoni laini na kuvumilia nyuzi zinazohama. Kwa hiyo alikuwa tayari ameonja ncha zote mbili za suala hili: uzi unaokaa sawa lakini unaumiza mkono, na uzi unaoupumzisha mkono lakini hautulii. Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta kilichopo katikati, kwa gharama isiyozidi ile aliyokuwa akilipa.

Kwa nini nyuzi huhama

Ombi la uzi usiohama ni la haki, lakini likichukuliwa neno kwa neno linampeleka mtu dukani akiwa na swali lisilo sahihi. Nyuzi zote huhama. Mpira unapoifikia raketi kwa mshazari, kama inavyokuwa katika kila pigo la topspini au la kukata, huzivutia nyuzi za wima upande mmoja huku zikiteleza juu ya zile za mlalo. Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa takriban milisekunde 5 tu, na katika muda huo mfupi ndipo jambo lenyewe linapoamuliwa: nyuzi za wima ama zitajivuta na kurudi mahali pake, ama zitabaki pale zilipoachwa. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni msuguano kati ya uzi na uzi pale zinapokatizana. Msuguano ukiwa mdogo, nguvu ya uzi ulionyooshwa inatosha kuurudisha. Ukiwa mkubwa, uzi unang'ang'ania pale pale mpaka mchezaji aje na vidole vyake. Vipimo vya Crawford Lindsey na mwanafizikia Rod Cross kuhusu nyuzi za tenisi viliweka jambo hili wazi, na vikaonyesha pia kwamba kule kurudi kwa nyuzi ndiko kunakoongeza mzunguko wa mpira. Mchezaji anayelalamika kwamba nyuzi zake zimepinda, mara nyingi bila kujua, anapoteza pia sehemu ya topspini yake.

Nailoni ikisuguana na nailoni huwa na msuguano mkubwa. Uzi mpya huwa na mpako wa kuulainisha, na ndiyo maana siku chache za mwanzo humdanganya mtu kwamba mambo ni shwari, lakini mpako huo huisha mapema, na chini yake kuna plastiki laini inayochimbika. Kila nyuzi zinapokatizana, ule wa mlalo huchimba mkato mdogo wa nusu duara kwenye ule wa wima, na mkato huo unapoongezeka kina, uzi uliotoka ndani yake hauna njia rahisi ya kuurudia. Nailoni ya kusokotwa ina kasoro ya ziada: ngozi yake ya juu ikishachanika, nyuzinyuzi za ndani hutoka nje kama manyoya na kushikana na nyuzi za jirani.

Poliesta ni kinyume chake. Ni ngumu, uso wake unateleza dhidi ya uzi mwenzake, na huchelewa kuchimbika. Ndiyo sababu imetawala michezo ya kulipwa tangu Gustavo Kuerten alipotwaa ubingwa wa Roland Garros, mashindano makuu ya Ufaransa, mwaka 1997 akiwa na nyuzi za poliesta za Luxilon, kampuni ya Ubelgiji. Wengi walidhani wakati ule kwamba uzi ule uling'ata mpira zaidi; maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba uliteleza na kurudi vizuri zaidi.

Kuna kisa cha zamani kinachoonyesha jinsi mwendo wa nyuzi unavyoweza kuupindua mchezo. Mwaka 1977 ilizuka raketi iliyopewa jina la utani la tambi, ambayo nyuzi zake za wima hazikusukwa na zile za mlalo bali zilikaa juu yake katika tabaka tofauti, zikiwa huru kuteleza mbali na kurudi. Ilie Năstase wa Romania aliitumia dhidi ya Guillermo Vilas wa Argentina huko Aix-en-Provence, Ufaransa, na Vilas, ambaye alikuwa hajafungwa kwenye viwanja vya udongo kwa mechi 53 mfululizo, aliacha mchezo baada ya kupoteza seti mbili. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliipiga marufuku, na tangu hapo sheria inataka nyuzi zisukwe kwa kupishana au ziunganishwe pale zinapokatizana. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe imeweka msuguano ndani ya raketi, na fundi hana budi kufanya kazi ndani ya mpaka huo.

Uchunguzi wa raketi

Kabla ya kufikiria uzi mpya, raketi ilikaguliwa, kwa kuwa si kila uzi unaohama una kosa lake wenyewe. Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Mtu hushika uzi wa wima wa katikati kwa ncha za vidole viwili, akauvuta pembeni takriban nusu sentimita, kisha akauachia ghafla. Uzi ulio hai hurudi mara moja na kutoa mlio mfupi mkavu. Wa raketi hii haukutoa mlio wowote. Ulibaki pale pale ulipovutwa. Uliposogezwa kidogo ili kufichua mahali palipokuwa pamefunikwa na uzi wa mlalo, mkato ulionekana waziwazi, nao ulikuwa umekula karibu theluthi ya unene wa uzi. Nyuzi za kando, zile zisizofikiwa na mpira mara kwa mara, zilirudi bila shida, na hilo lilithibitisha kwamba tatizo ni uchakavu wa uso na wala si mvutano mdogo kwa raketi nzima.

Jaribio la pili lilihusu nyuzi za mlalo, na hapa pakapatikana kosa la ufungaji. Nyuzi hizo zilikuwa zimepinda upinde mdogo kuelekea chini, dalili kwamba fundi aliyezifunga alizivuta bila kuzinyoosha kwa vidole kabla mashine haijamaliza kuvuta. Uzi wa mlalo hupita juu na chini ya nyuzi 16, na usiponyooshwa, sehemu ya mvutano humezwa na msuguano njiani, hivyo mashine husoma kilo 24 ilhali katikati ya raketi kuna pungufu ya hapo. Kazi ya namna hii haionekani kwa mteja, nami nadiriki kusema kwamba inachangia malalamiko mengi ambayo hutupiwa uzi.

Jaribio la tatu lilikuwa la vijibomba vidogo vya plastiki vinavyopitisha uzi kwenye matundu ya fremu. Viwili vya upande wa juu vilikuwa vimepasuka, na uzi ulikuwa unaegemea ukingo wa tundu. Ukanda mzima wa vijibomba ulibadilishwa, kwa kuwa uzi mpya ukipitishwa kwenye kijibomba kilichopasuka utahama kuanzia kwenye fremu, na tena hukatika mapema hapo hapo.

Njia zilizofikiriwa

Ushauri unaotolewa haraka zaidi kwa mtu mwenye tatizo hili ni kuongeza mvutano. Nguvu ya kuurudisha uzi huongezeka kweli, lakini wakati huo huo nyuzi hukandamizana zaidi pale zinapokatizana, na msuguano nao hupanda, hivyo faida inayobaki ni ndogo. Kwa mwenye kiwiko kinachouma, kilo moja au mbili za ziada ni gharama isiyo na mantiki. Njia hiyo iliwekwa kando bila mjadala mrefu.

Vivyo hivyo kubadilisha raketi kwa nyingine yenye nyuzi 18 za wima na 20 za mlalo. Ni kweli kwamba mpangilio mzito huacha nafasi ndogo ya kusogea, na wachezaji wanaochukia kunyoosha nyuzi huupenda, lakini bei ya fremu mpya ingenunua nyuzi za zaidi ya mwaka mzima. Utumbo wa ng'ombe, ambao bado hakuna uzi wa kutengenezwa unaoupita kwa ulaini na kwa kushika mvutano, uliondolewa na bei yake pamoja na udhaifu wake mbele ya unyevu. Kevlar, nyuzi ngumu sana za kutengenezwa, ambayo hukaa mahali pake kuliko karibu uzi wowote na haikatiki upesi, ni ngumu mno kupendekezwa kwa mkono uliokwisha kulalamika. Kampuni ya Ashaway hutengeneza uzi mmoja mtupu wa Zyex, aina ya plastiki, ambao ni laini na hurudi vizuri, nao ungefaa, ila ulikuwa na bei ya juu kuliko mchezaji alivyokusudia.

Zikabaki njia nne za kweli, na hapa ndipo hesabu ilipohitajika. Kosa la kawaida la mtu anayetafuta uzi wa bei nafuu ni kuangalia bei iliyoandikwa kwenye pakiti peke yake. Ada ya fundi ni ile ile kwa uzi wa rahisi na wa ghali, na kwa wachezaji wengi huwa kubwa kuliko bei ya uzi wenyewe. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni jumla ya uzi na ufundi, ikigawanywa kwa saa ambazo nyuzi zinachezeka. Tukichukua bei ya seti ya nailoni ya kawaida, yaani pakiti ya kutosha raketi moja, kuwa fungu 1, kwa mchezaji huyu ada ya fundi ilikuwa sawa na mafungu 2, poliesta ya kukatwa kwenye rola ilikuwa karibu fungu 1, na nailoni yake ya kusokotwa ilikuwa mafungu 3.

Njia ya kwanza ilikuwa kuendelea na nailoni ya kusokotwa. Ilimgharimu mafungu 5 kila ilipofungwa, na ilikatika baada ya wiki sita hivi, yaani saa 27, ambayo ni takriban fungu 0.19 kwa saa. Lakini katika saa hizo, zile ambazo nyuzi zilitulia hazikuzidi saa sita au saba. Kwa mtu ambaye kutulia kwa nyuzi ndiyo haja yake, hesabu hiyo ni mbaya sana.

Njia ya pili ilikuwa poliesta laini ya mviringo kwa raketi nzima, iliyofungwa kwa kilo 21 badala ya 24. Hii ilifikiriwa kwa makini, kwa sababu kosa la mara ya kwanza lilikuwa na sehemu mbili: uzi mgumu mno na mvutano uliokusudiwa nailoni. Kanuni ya mafundi wengi ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 mtu anapotoka nailoni kwenda poliesta, na mara ile ya kwanza haikufuatwa. Kikwazo ni kwamba poliesta hupoteza mvutano na uhai wake haraka, hata ikiwa haijakatika. Kwa mchezaji wa aina hii ingepaswa kukatwa baada ya saa 10 hadi 15, yaani kila wiki tatu, kwa maana baada ya hapo huwa ngumu na bubu, na mkono ndio unaopokea mshtuko. Mafungu 3 kwa saa 13.5 ni fungu 0.22 kwa saa. Uzi uliokuwa wa bei nafuu kwenye rola ukawa wa ghali kuliko zote uwanjani, na tena kishawishi cha kuuacha ukae kwa kuwa haujakatika kingekuwa kikubwa. Wengi wanaoumia viwiko kwa poliesta hawaumizwi na poliesta mpya. Huumizwa na poliesta ya miezi mitatu.

Njia ya tatu ilikuwa mchanganyiko uliozoeleka, poliesta wima na nailoni mlalo. Hukaa vizuri mwanzoni, na ni rahisi. Hata hivyo nyuzi za wima ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya tabia ya raketi, kwa hiyo mkono ungehisi karibu kila kitu ulichokihisi kwenye poliesta tupu. Baada ya saa kadhaa, nailoni ya mlalo nayo huchimbika na kuanza kuzishika nyuzi za wima.

Njia ya nne ndiyo iliyochaguliwa: kugeuza mchanganyiko huo. Nailoni ya kawaida, ile yenye kiini kimoja kinene kilichozungushiwa nyuzinyuzi nyembamba, ikawekwa wima kwa unene wa milimita 1.30, poliesta ya mviringo yenye uso laini ikawekwa mlalo kwa milimita 1.20. Sababu ya kuipa nailoni nafasi ya wima ni kiwiko. Ya kuchagua milimita 1.30 badala ya 1.25 ni kuupa mkato kitu cha kula kabla uzi haujafika ukingoni. Na ya kuweka poliesta mlalo ni kwamba nyuzi za wima huteleza juu ya reli zinazoteleza, wala si juu ya nailoni nyingine. Umbo la poliesta lilisisitizwa kuliko chapa yake. Poliesta yenye pembe, inayouzwa kwa sifa ya kung'ata mpira, ikiwekwa mlalo juu ya nailoni hufanya kazi ya msumeno, na nailoni haitafika wiki mbili.

Ufungaji na matokeo

Mvutano uliwekwa kilo 23 wima na kilo 22 mlalo. Kila uzi wa mlalo ulinyooshwa kwa vidole wakati mashine ikiwa bado inavuta, kazi inayoongeza muda mezani lakini isiyoongeza gharama yoyote ya vifaa. Mchanganyiko wa namna hii hufungwa kwa vipande viwili, kwa hiyo una mafundo manne badala ya mawili, na mteja anayeyahesabu asidhani kwamba kuna kasoro.

Hapa pana nafuu ya bei ambayo wachezaji wengi huiacha ipite. Seti moja ya kawaida ina mita 12.2, na raketi inayofungwa mchanganyiko hutumia takriban nusu ya kila aina. Seti moja ya nailoni na moja ya poliesta, zikikatwa katikati, hutoa ufungaji mara mbili. Kwa rola la mita 200, mchezaji hupata vipande vya nusu seti zaidi ya thelathini. Tahadhari moja tu inahitajika: nyuzi za wima za kichwa kikubwa hutumia zaidi ya zile za mlalo, na kwenye raketi zilizozidi inchi 100 za mraba, nusu seti, yaani mita 6.1, inaweza kupungukiwa na sentimita chache zinazohitajika mashine iushike uzi. Fundi mwangalifu hupima kabla ya kukata.

Gharama ya ufungaji huu ilikuwa nusu fungu la nailoni, nusu fungu la poliesta na mafungu 2 ya ufundi, jumla 3. Ulidumu wiki tano, saa 22 na ushei, ambayo ni takriban fungu 0.13 kwa saa. Nyuzi hazikukoma kuhama. Katika wiki tatu za mwanzo zilirudi zenyewe kwa mapigo mengi, na mchezaji alizinyoosha kati ya gemu na gemu, wala si kati ya pointi na pointi. Mipira aliyoipiga nje ya katikati ndiyo iliyoziacha zimepinda. Wiki ya nne jaribio la vidole lilianza kutoa mlio hafifu. Wiki ya tano uzi wa wima wa tatu kutoka katikati ulikatika, mahali ambapo mkato ulikuwa umepita nusu ya unene. Kiwiko kilinyamaza kwa kipindi chote hicho, ingawa mchezaji alisema, na ni haki yake kusema, kwamba raketi ilikuwa na mguso mkavu kuliko nailoni yake ya zamani na kwamba mipira yake ya nyavuni ilipoteza ulaini kidogo.

Ufungaji wa pili ulifanyiwa marekebisho mawili. Mvutano ulishushwa kwa nusu kilo kila upande ili kurudisha ulaini, na pale nyuzi zinapokatizana katikati ya raketi pakachomekwa vilinda nyuzi, yaani vipande vidogo vya plastiki vyenye mifereji miwili inayopishana, ambavyo huingizwa kwa kijiti maalumu kati ya uzi wa wima na wa mlalo. Vifaa hivi ni vya zamani, ni vya bei ndogo, na sheria inavikubali kwa kuwa inaruhusu vitu vilivyowekwa kwa ajili tu ya kuzuia uchakavu au mtetemo. Roger Federer alivitumia kwa miaka mingi kwenye mchanganyiko wake wa utumbo wima na poliesta mlalo, hivyo hakuna sababu ya kuvionea haya. Vinazuia mkato kwa kuuondoa mguso wa moja kwa moja wa uzi na uzi, na vinaushika uzi mahali pake. Kwa upande mwingine vinapunguza ule mtelezo na kurudi, kwa hiyo mwenye kutegemea topspini nzito atahisi kuna kitu kimepungua. Mchezaji huyu hakuhisi. Alichokiona ni mlio mzito zaidi wa raketi na nyuzi za katikati zilizokaa karibu wima hata mwisho wa mechi.

Vilinda nyuzi vichomekwe mapema, kabla mkato haujaanza, kwenye eneo ambalo alama za mpira zinaonekana, si kwenye raketi nzima. Kila kimoja huongeza kidogo ugumu wa nyuzi kwa kuzipinda zaidi, na vikijazwa kila mahali raketi huwa nzito kichwani na ngumu, na faida yote ya kushusha mvutano hupotea.

Mipaka ya uamuzi huu

Suluhisho hili limeshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja, na lingemfaa vibaya mwingine. Kijana anayepiga topspini kali kutoka nyuma ya uwanja angekata nailoni ya wima ndani ya siku chache, na kwake poliesta laini kwa mvutano mdogo, ikikatwa kwa ratiba badala ya kusubiriwa ikatike, ndiyo njia ya bei nafuu, mradi mkono wake ni mzima. Mtoto asifungiwe poliesta kabisa; kasi yake haitoshi kuisogeza, na manufaa yake hatayapata. Mchezaji wa mara moja kwa wiki anayepiga mipira bapa hana haja ya mchanganyiko wowote, kwani nailoni ya kawaida ya milimita 1.30 iliyofungwa kwa uangalifu itamtosha, naye atazinyoosha nyuzi mara moja moja bila kuona karaha.

Kwa mwenye kisa, utaratibu uliokubaliwa ni kwamba jaribio la vidole lifanyike kila wiki kwenye nyuzi nne za katikati, na ufungaji mpya uagizwe mlio unapopotea, bila kungoja uzi ukatike katikati ya mechi akiwa na raketi moja. Ukikatika kabla ya hapo, nyuzi zote zilizobaki zikatwe siku hiyo hiyo, kuanzia katikati kwenda kando, kwa kupishana wima na mlalo, kwa sababu fremu inayoachwa na mvutano wa upande mmoja hupinda, na fremu iliyopinda haina uzi wa kuitibu.